Jengo la Mpakani Tunduma: Historia Fupi ya Kituo cha Huduma kwa Pamoja

Msafiri aingiaye Tanzania kwa barabara akitokea Zambia, awe dereva wa lori lililosheheni shaba au mama aliyejitwisha kikapu cha bidhaa za kuuza, husimama mara moja tu, nayo ni katika jengo la Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, mjini Tunduma, mkoani Songwe. Na humo, chini ya paa moja, ofisa wa Zambia humuaga na ofisa wa Tanzania humpokea. Kijana wa leo huliona jambo hili kuwa dogo na la kawaida, ilhali historia yake ni ndefu kuliko umri wa mtu.

Mpaka wenyewe ulitangulia kuandikwa kabla ya kuonekana. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kugawana milki zao za Afrika Mashariki, na sehemu moja ya mapatano hayo ikapima mstari wa kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga, ambao lugha yao, mashamba yao na ndoa zao zilienea pande zote mbili, hawakushauriwa, wakaamka siku moja wakiwa raia wa wafalme wawili. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani waliondoka, Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na kwa takriban miaka arobaini mstari ule ukatenganisha nchi mbili zilizopeperusha bendera moja. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, mpaka ukawa wa dola mbili huru. Na kwa kuwa viongozi wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 walikwisha kuafikiana kuiheshimu mipaka kama walivyoirithi, mstari wa wageni ukabaki palepale kwa ridhaa ya wenyeji.

Kilichoipa Tunduma umaarufu wake ni dhiki ya jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilitegemea njia za kusini zilizopita humo, ikalazimika kuigeukia bandari ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilikamilika mwaka 1968. Barabara kuu ikatengenezwa na kutiwa lami. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikavuka mpaka hapo hapo katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Tangu hapo malori hayakukoma, na baadaye mizigo ya Kongo nayo ikashika njia hiyo hiyo.

Lakini mizigo ilipozidi, taratibu zilibaki za zamani. Dereva aligongewa muhuri wa kutoka Tunduma, akaonyesha hati zake kwa forodha, kisha akaingia Nakonde, upande wa Zambia, na kuanza upya, kana kwamba nchi ya kwanza haikumwona kamwe. Na foleni ya malori ikawa sehemu ya mji, pamoja na nyumba zake za wageni na mama lishe wake.

Dawa ya maradhi hayo ilihitaji sheria kabla ya matofali, kwani mamlaka ya ofisa hukoma penye mpaka wa nchi yake, na ofisa wa Zambia hana haki ya kukagua mzigo katika ardhi ya Tanzania ila kwa idhini ya dola zote mbili. Zambia ilitunga sheria yake ya vituo vya huduma kwa pamoja mwaka 2009, mwaka ule ule ilipofungua pamoja na Zimbabwe kituo cha Chirundu, cha kwanza cha aina yake barani Afrika. Kwa Tunduma, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki isingetosha, maana Zambia si mwanachama. Ilibidi nchi mbili hizi zipatane zenyewe.

Majengo yalijengwa pande zote mbili kupitia shirika la TradeMark East Africa kwa msaada wa Uingereza, na tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wakakizindua kituo kwa pamoja. Wakati huo mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa bado mchanga. Marais hao wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki, Magufuli tarehe 17 Machi 2021 na Lungu tarehe 5 Juni 2025, na kituo kinaendelea na kazi.

Matumizi yake ni haya: aingiaye Tanzania humaliza mambo yake Tunduma, na aingiaye Zambia huyamaliza Nakonde, na kila upande uhamiaji, forodha, afya na wakaguzi wa mazao na bidhaa wa nchi zote mbili hukaa jirani. Uzito wa mlango huu ulidhihirika Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona, na malori yakasimama yakisubiri.

Hata hivyo jengo halijamaliza kila jambo. Njia za panya zingalipo, kwa kuwa mtu anayekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo haoni sababu ya kupita kwa ofisa. Kwa hiyo kituo hiki kisipimwe kwa uzuri wa kuta zake, bali kwa saa anazopoteza dereva na kwa staha anayopewa mwenye kikapu; na wenye dhamana humo, wa Tanzania na wa Zambia, wakumbuke kwamba wamekabidhiwa mlango, na kazi ya mlango ni kupitisha watu.