Hereni ya Kielektroniki na Ng'ombe wa Kukabidhiwa katika Nyanda za Mbulu

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilitekelezwa kwanza kwa chapa ya moto. Hereni ya kielektroniki ilifuata, kwa bei ya shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja, na mwaka 2022 uvikaji wake ulisitishwa baada ya malalamiko kufika bungeni. Mjadala wa bei ulifunika swali gumu zaidi, ambalo katika maeneo ya Wairaqw kama Nambis haliepukiki: ng'ombe asajiliwe kwa jina la nani?

Kwa desturi ya Wairaqw, ng'ombe wa mtu hawalali wote bomani kwake. Baadhi hukabidhiwa ndugu au rafiki anayeishi mbali. Huyo hunywa maziwa na kutumia samadi, ilhali umiliki hubaki kwa aliyewatoa. Hivyo ukame au maradhi hayamalizi mali yote kwa pigo moja. Desturi hiyo pia ilificha idadi, faida isiyo ndogo pale serikali ya kikoloni ilipolazimisha upunguzaji wa mifugo wilayani Mbulu.

Namba ya hereni huunganisha mnyama na jina moja. Msajili anapofika bomani, aliyepo ni mtunzaji. Mwenye mali anao majirani walioshuhudia makabidhiano, na ushahidi wao ni wa mdomo. Ni kweli kwamba hereni humsaidia aliyeibiwa; lakini humsaidia yule aliyeandikwa. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 imelirudisha swali hilo bomani.