Kutoka Kodi hadi Hati: Mpangaji wa Nyumba ya Umma Sumbawanga na Njia ya Umiliki

Mpangaji wa nyumba ya umma nchini Tanzania anaweza kuinunua pale tu taasisi inayoimiliki inapoamua kuiuza. Uingereza ilifuata mkondo mwingine: Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri waliokaa angalau miaka 3 haki ya kununua, kwa punguzo lililoanzia asilimia 33. Katika Manispaa ya Sumbawanga, ikiwamo kata ya Pito, swali la kwanza kwa hiyo ni nyumba ni ya nani: ya Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962, ya Wakala wa Majengo Tanzania, au ya halmashauri.

Mmiliki akiridhia, njia huwa mbili. Mpangaji hulipa bei yote kwa mkupuo, aghalabu kwa mkopo wa benki unaodhaminiwa na nyumba yenyewe. Au huingia mkataba wa mpangaji mnunuzi, akalipa kwa awamu huku akiishi humo hadi amalize deni. Njia ya pili ndiyo iliyoelekezwa kwa kaya 644 za Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022.

Kabla ya kutia saini, mkataba hauna budi kueleza bei na kama inajumuisha thamani ya ardhi, nani anagharimia matengenezo kabla deni halijaisha, na hatima ya malipo mnunuzi akishindwa kuendelea au akifariki. Ardhi yenyewe hubaki mali ya umma chini ya mamlaka ya Rais. Mnunuzi hupata haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 huwezesha kila mwenye nyumba kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na uwanja vikisimamiwa kwa pamoja. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani, ridhaa ya mwenzi wa ndoa inahitajika.

Ugumu mkubwa wa Sumbawanga uko kwenye kipato. Awamu za kila mwezi zinamfaa mtumishi mwenye mshahara. Mkulima wa mahindi, maharage au alizeti, na mfanyabiashara anayemtegemea, hupata fedha baada ya mavuno. Mkataba unaomhesabu kuwa mdaiwa sugu Februari, ilhali angeweza kulipa sehemu kubwa ya deni la mwaka baada ya kuuza mazao, unamfukuza mtu mwenye uwezo. Ratiba ya malipo ifuate msimu.

Uuzaji nao una gharama kwa umma. Mwaka 2002 Serikali ilianza kuwauzia watumishi nyumba zake, na lawama zikafuata kwamba maofisa waliohamishiwa vituo vipya hawakuwa na pa kukaa. Scotland ilifuta haki ya kununua mwaka 2016 na Wales mwaka 2019 ili kulinda nyumba za kupangisha zilizosalia.

Kwa hiyo mauzo yanastahili kuungwa mkono kwa masharti mawili: bei na ratiba zilingane na kipato halisi cha mpangaji, na fedha zinazopatikana zijenge nyumba nyingine za kupangisha katika mji huohuo. Bila sharti la pili, mpangaji mmoja hupata hati na anayemfuata hukosa nyumba.