Wanawake wa Stanford: historia ya ekipe ya kuogelea

Stanford ni chuo kikuu cha California, huko Marekani. Ekipe yake ya wanawake iko na makundi mawili: wanaoogelea, na wale wanaoruka majini kutoka juu ya ubao. Kwenye mashindano, pointi zao zinajumlishwa pamoja.

Mlango ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1972: shule inayopokea pesa ya serkali kuu haina ruhusa ya kubagua wanawake, hata mu michezo. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilianzisha ubingwa wa kuogelea wa wanawake mwaka 1982. Florida ndiyo ilishinda. Mwaka 1983 ikawa zamu ya Stanford.

Kochi Richard Quick alifika 1988, akitokea Texas ambako alishinda mara 5 mfululizo. Pamoja naye Stanford ilitwaa kombe mwaka 1989, kila mwaka toka 1992 mpaka 1996, tena 1998. Greg Meehan aliongeza 2017, 2018 na 2019. Jumla: 11.

Lakini kuna jambo lingine kubwa. Zamani, Wamarekani weusi walifukuzwa kwenye mabwawa mengi ya kuogelea. Mwaka 2015, mu yadi 100 za NCAA, weusi watatu walichukua nafasi tatu za kwanza: Simone Manuel na Lia Neal wa Stanford, na Natalie Hinds wa Florida. Mwaka 2016, kule Rio, Manuel akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya Olimpiki akiogelea peke yake, bila ekipe.