Wilhelm, Kaizari na Kijakazi

Sisi watu wa Lushoto tunatoka kwenye mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm. Ndiyo maana kwetu wengi hudhani Wilhelm ni jina la kifalme. Thubutu! Wafalme walilikuta.

Wajerumani wa kale, kabla hata ya kuwa na nchi moja, walitunga jina la mtoto kwa kuunga vipande viwili. "Wil" ni nia, "helm" ni kofia ya chuma ya vitani. Usihangaike kutafuta sentensi humo. Kipande kimoja huenda kilitoka kwa baba, kingine kwa mjomba, na kwa vipande hivyo watu walijua mtoto ni wa ukoo gani. Ukisikia Wilfried au Anselm, ujue vipande ni vilevile, vimechanganywa upya. Wanormandi waliteka Uingereza mwaka 1066 wakiongozwa na Wilhelm wao, na ndipo akina William walipojaa kule.

Makuu yalianza kwenye ufalme wa Prussia. Tarehe 18 Januari 1871 mfalme wake, Wilhelm wa Kwanza, alitangazwa kaizari wa Ujerumani, tena pale Versailles, nyumbani kwa Wafaransa aliowashinda. Alifariki mwaka 1888. Mwanawe Friedrich akatawala siku 99 tu, akafuata mjukuu, Wilhelm wa Pili. Basi jina likabandikwa kila mahali: kanisa la Berlin, mfereji wa Kiel, na mwaka 1889 mpanda mlima Mjerumani, Hans Meyer, akalipandisha hadi kilele cha Kibo, Kilimanjaro. Kaizari mwenyewe hata mguu wa mlima ule hakuwahi kuukanyaga. Wamisionari nao wakabatiza watu, babu yangu mzaa mama akatoka kanisani akiitwa Vilhelmu. Shangazi zake hawakuweza kulitamka, wakamwita Vili. Kumbe hata Wajerumani wenyewe hulikata hivyohivyo.

Novemba 1918, Ujerumani iliposhindwa vitani, kaizari alikimbilia Uholanzi, akahifadhiwa katika nchi ya malkia aitwaye, amini usiamini, Wilhelmina. Kilele cha Kibo sasa ni Uhuru, na mfereji ule ulivuliwa jina baada ya vita vya pili vya dunia.

Lakini mimi navutiwa zaidi na upande wa jikoni. Wilhelmine, jina la kike, lilifupishwa kuwa Minna, na wasichana wa kazi walioitwa hivyo walikuwa wengi mno, hata kijakazi yeyote akawa Minna, aitwe hivyo asiitwe. Hadi leo mtu akikaripiwa vibaya, Wajerumani husema amefanywa Minna. Hapo utajua wasichana wale walivyosemeshwa. Karandinga la polisi nalo ni Minna wa Kijani. Magari ya polisi wa huko yamekwisha kupakwa buluu, ila ukiwauliza wazee jina la karandinga, utaambiwa ni Minna wa Kijani tu.