Lango la Cheraw lilivyofunguliwa kwa wote

Mtu anayepiga kambi leo katika Hifadhi ya Jimbo ya Cheraw, South Carolina, kusini mwa Marekani, husimika hema kwenye ardhi ya mchanga, chini ya misonobari mirefu, akatembea hadi Ziwa Juniper kuvua samaki au kupiga kasia. Hulipa ada yake, na hakuna anayemzuia kwa rangi ya ngozi. Hifadhi ilianza mwaka 1934. Haki ya kuingia bila kujali rangi ilikuja miaka mingi baadaye.

Cheraw iko katika ukanda uitwao Sandhills, wenye vilima vya mchanga ulioachwa na mito na bahari za kale, kisha ukasukumwa na upepo. Mchanga huo haushiki maji wala rutuba, hivyo mkulima huambulia kidogo. Msonobari wa majani marefu ndio ulioumudu. Katika miaka yake ya mwanzo hufanana na shungi la nyasi, huku mzizi ukizama chini kutafuta maji. Moto ukipita, sindano za kijani huungua, lakini chipukizi lililojificha katikati hubaki hai. Ndiyo maana wahifadhi huuchoma msitu kwa makusudi: bila moto, miti mingine huusonga msonobari huo.

Zamani misitu hiyo ilienea kuanzia Virginia hadi Texas, takriban ekari milioni 90. Watu waligema utomvu wake kutengeneza lami ya kuzibia merikebu na tapentaini, kisha wakaikata kwa mbao. Ni sehemu ndogo tu iliyosalia.

Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wakazi wa Cheraw walichanga fedha, wakanunua ekari zipatazo 700 na kulikabidhi jimbo. Ikawa hifadhi ya kwanza ya South Carolina. Kazi ilifanywa na vijana wa CCC, mpango wa ajira kwa vijana ulioanzishwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, nyingi zikipelekwa moja kwa moja kwa familia yake. Vijana hao walijenga hifadhi 16 jimboni.

Lakini sheria za ubaguzi ziliwafungia Wamarekani Weusi nje ya nyingi ya hifadhi hizo, ingawa nao walilipa kodi. Mwaka 1961, J. Arthur Brown, kiongozi jimboni wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, na wenzake walikwenda mahakamani, wakitetewa na wakili Matthew Perry. Mwaka 1963 Jaji Robert Martin wa mahakama ya shirikisho aliamuru ubaguzi ukome. Badala ya kutii, jimbo lilizifunga hifadhi zote. Zilifunguliwa mwaka 1964, ila kuogelea na nyumba za kulala vikabaki marufuku. Ni mwaka 1966 tu ndipo zilipofunguliwa kikamilifu.

Kwa hiyo historia ya Cheraw haiishii kwa waliopanda miti na kujenga mabwawa. Waliosimama mahakamani nao ni wajenzi wa hifadhi hii, na wanastahili kutajwa kwa heshima ileile. Mali ya umma inayowafungia nje baadhi ya wananchi wake bado haijawa ya umma.