Hali Hurithiwa, Hatia Hairithiwi: Dhambi ya Asili na Uteule Vikipimwa Dzaleka

Dzaleka ilikuwa jela kabla haijawa kambi. Enzi za Kamuzu Banda, rais wa Malawi na mzee wa Kanisa la Scotland, wafungwa wa kisiasa waliwekwa hapa wilayani Dowa, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe. Jina lenyewe limebeba kitenzi cha Kichewa -leka: kuacha, kukoma. Mwaka 1994 jela iligeuzwa kambi ya wakimbizi, ikatengwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na ibadani.

Mtoto anayezaliwa pale huzaliwa mkimbizi. Hakuvuka mpaka wala hakukimbia vita, lakini kwa Sheria ya Uraia ya Malawi ya mwaka 1966 kuzaliwa nchini hakutoshi. Sharti mzazi awe Mmalawi. Anayelitetea fundisho la dhambi ya asili anaweza kumwonyesha mtoto huyu na kusema: tazama, binadamu hurithi asichokitenda. Nami nakubali. Anayekana kwamba uovu wa waliotangulia huwaangukia waliofuata hajakaa na familia iliyotoka Kivu, mashariki mwa Kongo.

Ila alichorithi mtoto huyu ni hali, si hatia. Hapo ndipo ninapoachana na Augustino wa Hippo (354–430). Yeye alisoma Warumi 5:12 kwa Kilatini, kana kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Kigiriki husema mauti yaliwafikia wote kwa kuwa wote walitenda dhambi, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 ilifuata maana hiyo. Makanisa ya Kiorthodoksi kwa kawaida hayafundishi kwamba kosa lenyewe la Adamu huhesabiwa juu ya mtoto. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaiita dhambi hii hali, si tendo. Ungamo la Westminster la karne ya 17, lililolea Upresbiteri wa Malawi, ndilo linalosema wazi kwamba hatia ya wazazi wa kwanza ilihesabiwa juu ya uzao wao. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataa kwamba mwana abebe uovu wa baba.

Mwezi Mei 2023 polisi waliwakamata wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe ili warudishwe kambini. Watoto walikuwamo, na kuna waliofikishwa katika gereza la Maula. Ikiwa dhamiri inashtuka kuona mtoto gerezani kwa sababu ya hadhi ya mzazi wake, kwa nini itulie tukiambiwa Mungu humhukumu milele kwa sababu ya Adamu? Huwa tunajibiwa kwamba udongo haumhoji mfinyanzi. Lakini tukisema Mungu ni mwenye haki, halafu neno haki likawa na maana iliyo kinyume na ile tunayoijua, sifa zetu zimebaki sauti tupu.

Uteule, yaani fundisho kwamba Mungu huwachagua watakaookolewa, ni mgumu zaidi. Utetezi wa Augustino ni kwamba hakuna anayestahili, kwa hiyo anayepewa amependelewa na anayenyimwa hakudhulumiwa. Dzaleka wanaielewa hoja hii kuliko profesa yeyote, kwa kuwa wanaishi wakingoja kuhamishiwa nchi ya tatu. Duniani kote, wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafikii mmoja katika kila wakimbizi mia. Jirani anaondoka na wanawe, wewe unabaki na kesi yako. Inauma, lakini unaweza kusema hukudhulumiwa na aliyemchagua: nafasi hutolewa na mataifa, ni chache, na anayepanga majina hakuanzisha vita vilivyokukimbiza.

Mungu wa Sinodi ya Dort (1618–1619), iliyothibitisha uteule huo, hana udhuru wowote kati ya hizo. Neema yake haina idadi ya nafasi, na hakuna serikali inayomwekea kikomo. Kama angeweza kuwaokoa wote bila kupungukiwa, kisha akawapita wengine kwa amri ya tangu milele, kutokustahili kwao hakutoshi kueleza kwa nini, maana waliochaguliwa nao hawakustahili. Fundisho hili limeazima mantiki ya uhaba na kumvika asiye na uhaba. Ibrahimu aliteuliwa ili mataifa yote yabarikiwe kupitia kwake. Uteule wa namna hiyo naweza kuuhubiri Dzaleka bila kuinamisha macho.

Nawaomba wachungaji wa CCAP, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika ya Kati, walioipokea imani hii kutoka Scotland na kutoka kwa Wareformati wa Rasi, Afrika Kusini, wasiogope kusema, wanapozika watoto wachanga, kwamba hatia ya Adamu haihesabiwi juu yao. Free Church of Scotland, iliyoanzisha misheni ya Livingstonia mwaka 1875, ilipitisha mwaka 1892 tamko kwamba haifundishi kuwa binadamu yeyote alipangiwa mauti bila kujali dhambi yake mwenyewe, wala kwamba yeyote afaye akiwa mchanga amepotea.