Mshipa, Presha na Kimia cha Jicho

Katika kazi ya kutafsiri maandishi ya utabibu, mara nyingi tunakutana na sentensi ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili fasaha, na hata hivyo maana yake haimfikii msomaji. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jambo hilo kwa kufuata historia ya elimu moja, nayo ni elimu ya kuchungua ndani ya jicho ili kuijua hali ya damu na moyo. Tumeichagua kwa kuwa kila ilipopiga hatua, ilikuwa imepambanua vitu viwili vilivyodhaniwa kuwa kimoja, ikakipa kila kimoja jina lake.

Nyuma ya jicho kuna utando upokeao nuru. Wayunani wa kale waliufananisha na kimia, wavu wa kurusha ambao wavuvi wa pwani yetu wanaufahamu vyema. Waganga walioandika kwa Kiarabu waliufuata mfano huo, wakauita utando shabakiyya, kutokana na shabaka, yaani wavu. Watafsiri wa Zama za Kati walipoyahamishia maandishi hayo katika Kilatini, walitumia neno lao la wavu, rete, na hapo likazaliwa neno retina. Watafsiri hao walihamisha mfano, si sauti. Sisi tumepokea sauti, nayo imekwisha kukaa katika vitabu vya shule. Hapana haja ya kuiondoa. Lakini mwalimu atakayewaeleza wanafunzi kwamba retina ni kama kimia kilichotandazwa nyuma ya jicho, atakuwa amewarudishia maana ambayo sauti peke yake haikuileta.

Kwa karne nyingi utando huo haukuonekana katika jicho la mtu aliye hai. Mboni huonekana nyeusi kwa sababu nuru iingiayo jichoni hurudi ilikotoka, na mtazamaji akitaka kuipokea, kichwa chake huiziba isiingie. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha Königsberg, alieleza chombo chake kilichoondoa kizuizi hicho: vipande vyembamba vya kioo vilivyoelekeza nuru ndani ya jicho, na papo hapo vikamwezesha mtazamaji kuona kupitia kwavyo. Alikiita Augenspiegel, yaani kioo cha jicho. Lugha nyingine za Ulaya zilipendelea jina la asili ya Kiyunani, ofthalmoskopu. Wajerumani wanalo la kwao hadi leo, na utabibu wao haukupungukiwa kitu.

Chombo hicho kiliwafungulia madaktari mlango adimu. Jichoni waliweza kuzitazama ateri ndogo na vena bila ya kupasua ngozi. Mwaka 1876 William Gowers wa London alieleza jinsi ateri za retina zinavyokuwa nyembamba kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, akalihusisha jambo hilo na nguvu ya damu ndani ya ateri. Katika miaka ya 1890 Marcus Gunn, naye wa London, aliona kwamba pale ateri iliyokakamaa inapopita juu ya vena, vena huonekana kama imebanwa.

Hapa ndipo mtafsiri anapojikwaa. Neno letu mshipa hubeba ateri, vena, neva, na huko mitaani hata ugonjwa wa ngiri. Tukiandika kwamba "mshipa uliokakamaa huubana mshipa", tumeuua uvumbuzi wote wa Gunn, maana msomaji hajui ni upi unaobana na ni upi unaobanwa. Vivyo hivyo, mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Kliniki ya Mayo huko Marekani waliwagawa wagonjwa 219 wa shinikizo kubwa la damu katika makundi manne. Alama mojawapo iliyolitenga kundi la nne ni kuvimba kwa kichwa cha neva ya jicho. Baada ya miaka 3, katika kundi la kwanza watu 70 kwa kila 100 walikuwa hai. Katika kundi la nne, 6 tu. Anayeandika "mshipa umevimba" ameificha alama iliyotenganisha uhai na mauti.

Kosa jingine kubwa zaidi limo katika neno presha. Watu husema presha wakikusudia shinikizo la damu, na husema presha ya macho wakikusudia glakoma, ugonjwa ambao mara nyingi hufuatana na kuzidi kwa shinikizo la majimaji ndani ya jicho. Haya ni mambo mawili. Mwenye presha ya macho aweza kuwa na shinikizo la damu la kawaida kabisa. Asipoelezwa hivyo, huenda akaamini kwamba vidonge anavyomeza kwa ajili ya presha vinalinda na macho yake, huku neva ikiharibika polepole bila maumivu.

Hatua zilizofuata zataka uangalifu ule ule. Mwaka 1961 Novotny na Alvis wa Chuo Kikuu cha Indiana walitangaza njia ya kudunga rangi ya fluoresini katika vena ya mkono, kisha kuipiga picha ipitapo katika retina. Picha ya kawaida ilionyesha umbo la mishipa. Hii ilionyesha mtiririko wa damu. Mtiririko si mzunguko: mzunguko ni safari nzima ya kutoka moyoni na kurudi, aliyoieleza William Harvey mwaka 1628. Mwaka 2018 watafiti wa Google walieleza kompyuta iliyofunzwa kwa picha za macho za watu 284,335, ikaweza kukadiria umri, shinikizo la damu, na uwezekano wa mtu kupatwa na maradhi makubwa ya moyo. Hayo ni makadirio, na mtafsiri asiyageuze kuwa utambuzi wa ugonjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mshipa libaki neno la jumla. Panapohitajika kupambanua, ziandikwe ateri, vena, kapilari na neva.

(b) Katika matangazo kwa umma, presha isiachwe peke yake. Iandikwe shinikizo la damu au shinikizo la jicho, na majina ya mitaani yatajwe mara moja ili msomaji atambue kinachosemwa.

(c) Mtiririko na mzunguko yasibadilishane nafasi.

(d) Neno la kigeni likipokelewa, mwalimu alifafanue kwa mfano wa nyumbani.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Kinachotakiwa ni kila neno likae mahali pake, ili mgonjwa asomaye karatasi aliyopewa aelewe lililo jichoni mwake na lililo moyoni mwake.